Viatu vya Kwenda Mlimani

Pale kona, kati ya duka la mbao na ukuta wa shule, pana benchi la mbao tatu zisizolingana urefu. Mbele ya benchi yuko Fundi na viatu vyake vya watu, na pembeni yake jiko la mkaa lenye birika. Kahawa ni ya Fundi, maneno ni ya kila mtu. Ncha ya kushoto hukaa Kamusi, aliyekuwa karani wa mahakama, ambaye ana methali kwa kila jambo na hajali kama methali yenyewe inahusika. Katikati hukaa Ramani, mtu ambaye hajapata kulala nje ya mji huu hata mara moja, lakini hakuna njia duniani asiyokuelekeza. Ncha ya kulia, ule ubao mrefu, ni mahali pa Kilo. Huyu alikuwa mpima mizani wa ghala la nafaka, na miaka thelathini na minne ya kupima magunia imemfanya asihitaji tena mizani. Anashika kitu mkononi, anakutajia uzito wake. Kilo amemwoa dada yake Fundi, na ndiyo maana kahawa yake humiminwa kwanza.

Asubuhi hiyo Kilo alitokea kwenye kona kwa mzunguko wake wa tatu wa mazoezi, begi mgongoni, jasho limemlowesha kola. Fundi alimsikia kabla hajamwona, akainamia kiatu cha mtu kana kwamba kilikuwa kinamwambia siri.

— Shemeji, vipi vile? akauliza Kilo.

— Njoo kesho.

— Haya.

Kilo akatua begi, akakaa, akapokea kikombe. Wala hakuna aliyeshangaa. Fundi asiyesema njoo kesho huyo ndiye wa kushangaza, na huyu wetu alikuwa amelisema kwa wiki tano mfululizo bila hata mtu mmoja kumtilia shaka.

Kumbe viatu vilikuwa tayari. Vilikuwa tayari tangu siku ya pili. Vile viatu vya ngozi ya kahawia, soli mpya, uzi mpya, kamba mpya, vilikuwa vimelala chini kabisa ya sanduku la Fundi, vimefungwa gazeti, na juu yake amerundika vipande vya raba. Kila asubuhi alikaa karibu nalo lile sanduku, na kila asubuhi alidanganya.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka uliopita dada yake Fundi aliugua miezi mitano, akafika pale ambapo madaktari husema tusubiri tuone. Siku moja Kilo akasimama miguuni pa kitanda, mbele ya Fundi na mbele ya muuguzi, akatamka: akiinuka hapa, nitaifuata njia ya mahujaji mpaka mlimani, kwa miguu, peke yangu. Baada ya wiki tatu mgonjwa akafumbua macho, akaomba kitana. Sasa ni miezi minane tangu arudi nyumbani, anabeba ndoo yake mwenyewe na kugomba kama zamani, na nadhiri iko palepale haijatimizwa. Njia ya mahujaji inaanzia daraja la chuma mwisho wa mji, na mtu akitembea vizuri hufika mlimani siku ya kumi na mbili. Wengi wamekwenda. Wengi wamerudi pia, lakini Fundi alikuwa anawahesabu wale wengine.

Maana Kilo ana miaka sitini na tisa na dawa za moyo mfukoni. Fundi akivitoa viatu, huenda amemzika shemeji yake kwa mkono wake mwenyewe. Akivificha, nadhiri ikavunjika, na dada yake akaanguka tena kitandani, ni nani atakayekuwa amemwangusha? Alikuwa amelizungusha jambo hilo kichwani wiki tano na kila upande aliona jeneza. Basi akaona afadhali kesho.

— Mimi nauliza, akaanza Ramani. Hilo neno peke yangu ulilitia la nini? Ungesema nitakwenda kwa miguu, basi. Sisi tungekusindikiza.

— Lilinitoka tu, akasema Kilo.

— Likitoka limetoka, akadakia Kamusi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa wametoka wapi?

— Sijasema ana chawa. Nazungumzia vidole.

— Tuliza vidole kwanza, akasema Ramani. Mimi nataka kujua, peke yako inaanzia wapi na inaishia wapi. Tuseme umekutana na mtu njiani, naye anaelekea hukohuko.

— Nitamsalimu.

— Ukimsalimu mko wawili.

— Basi nisimsalimu.

— Hujaji asiyesalimia watu anakwenda kuomba baraka za nani? akauliza Kamusi.

Kilo akakisogeza kikombe chake pembeni.

— Nitamsalimu, halafu nitasimama yeye apite.

— Na yeye akiwa na nadhiri kama yako? akasema Ramani. Naye akasimama wewe upite? Mtasimama hapo mpaka lini?

Fundi akainuka kuongeza kahawa, na ukweli ni kwamba alifurahi. Kila fundo walilolifunga hawa wawili lilimnunulia siku moja zaidi. Akammiminia Ramani kikombe kikajaa mpaka mdomoni.

— Na mbwa? akaendelea Ramani, sasa amepata moyo. Mbwa akikufuata?

— Mbwa si mtu.

— Si mtu, lakini ukiwa na mbwa hupo peke yako. Muulize mlinzi yeyote wa duka.

— Mimi tatizo langu ni la kisheria, akasema Kamusi, na akaweka kikombe chini kama alivyokuwa akiweka kalamu mahakamani. Wahenga walisema msafiri kafiri. Hawakutania wale. Sasa kafiri atahiji vipi?

— Labda akifika anakuwa si msafiri tena, akasema Fundi.

— Sawa, amefika, ameongoka. Na kurudi je? Akitoka tu pale mlangoni ni msafiri. Anaturudia hapa kafiri. Afadhali abaki benchini na imani yake.

Fundi akajikuta anatikisa kichwa kukubali. Lilikuwa neno la kipuuzi kabisa, nalo lilimwingia kama dawa.

Kilo yeye aligeukia mzigo wake. Aliliinua begi kwa mkono mmoja, akalishusha.

— Kilo tisa na nusu, akasema. Jana lilikuwa nane. Nani ameongeza?

Ramani akamwangalia Kamusi. Kamusi akaangalia ukuta wa shule.

— Ni daftari langu tu, akakiri. La methali. Nimeona usiende mikono mitupu.

— Kilo moja na nusu zote hizo ni methali?

— Nyingine nimezitungia maelezo.

Kilo akafungua begi, akaanza kutoa kitu kimojakimoja na kukipanga kwenye benchi: blanketi, koti la mvua, sufuria, taa, chupa ya maji, dawa, nyundo ndogo ambayo hakukumbuka aliitia ya nini, ramani aliyochorewa nyuma ya kalenda, daftari la methali, na kamba.

— Kamba ni yako, Ramani?

— Yangu. Ni ya kupotelea. Ukiona umepotea, unaifunga kwenye mti, unashika ncha, unatafuta njia.

— Ina mita nane.

— Ndiyo. Yaani hata ukipotea, hupotei zaidi ya mita nane.

— Umefanya vizuri hukutia chakula, akasema Kamusi. Mtembezi hula miguu yake.

— Hiyo si kwa wazururaji?

— Na hujaji ni nini? Mzururaji mwenye sababu.

— Na mbona hatuzungumzii njia fupi? akasema Ramani. Nyinyi wenyewe mnasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeitafuta kwenye ramani zote nilizochora, siioni. Lakini ingekuwepo, angefika siku ya sita.

— Mlimani afike kwa njia ya mwongo?

— Akifika huko si ataungama?

— Mimi hata huo mlima simshauri, akasema Kamusi. Aliye juu mngoje chini. Wewe fika pale kwenye bonde, kaa, subiri.

— Nimsubiri nani ashuke? akauliza Kilo.

Hata Kamusi aliona hapo methali imempeleka mbali kuliko alivyokusudia, akanywa kahawa.

Ndipo Ramani akaokota kipande cha mkaa karibu na jiko, akajivutia boksi tupu la viatu, na akaanza kuandika tarakimu ubavuni. Wote wakamwacha. Ramani akiandika huwa hasemeshwi.

— Hebu nisikilizeni, akasema baadaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mzunguko huu wa Kilo, kutoka hapa, duka la mbao, kiwanda cha magodoro, nyuma ya shule mpaka hapa tena, ni kilomita mbili. Nimepima kwa hatua.

— Lini? akauliza Fundi.

— Kwa kichwa. Kila siku anazunguka mara tatu. Hizo sita. Miezi minne sasa hajakosa hata siku moja, siku mia moja na ishirini. Jumla, kilomita mia saba na ishirini. Na njia ya mahujaji, siku kumi na mbili, kila siku kilomita ishirini, ni mia mbili na arobaini. Gawanyeni.

— Wewe umeshagawanya, tuambie.

— Mara tatu kamili. Kwenda, kurudi, na kwenda tena.

— Maana yake?

— Maana yake Kilo yuko mlimani.

Upande wa pili wa ukuta wanafunzi walikuwa wanasoma kitu kwa pamoja.

— Nipo hapa, akasema Kilo.

— Kwa mwili.

— Nimeshika kikombe.

— Hesabu haimjui mshika kikombe, akasema Ramani kwa upole. Kwa hesabu uko kule tangu jana jioni.

— Subiri, akasema Kamusi, amesogea ukingoni mwa benchi. Kama yeye yuko kule, huyu tunayekunywa naye ni nani?

— Huyu ndiye anayengoja kurudi.

— Basi ndugu yangu usiende, Kamusi akamgeukia Kilo na kumshika goti. Ukienda, mtakuwa wawili kule, wewe na yule aliyetangulia. Na nadhiri imesema peke yako.

Hapo mtu yeyote angecheka, na Fundi alikuwa tayari kucheka. Lakini Kilo alikuwa amemtazama Ramani bila kupepesa.

— Kwa hiyo nimekwisha kuitimiza? akauliza.

Sauti yake haikuwa na utani hata chembe. Fundi akaacha sindano katikati ya soli. Aliona uso wa shemeji yake umelegea kama wa mtu anayetafuta ruhusa, na akapatwa na tamaa kubwa ya kusema ndiyo, umeitimiza, kunywa kahawa yako tuzeeke. Neno likamfika kooni. Kisha akamkumbuka dada yake amelala kule hospitali, mkono wake mwepesi kama kijiti, na neno likarudi lilikotoka. Hakujua kama alikuwa anataka Kilo aende au abaki. Alichotaka ni mtu mwingine aamue.

Badala yake akaja mteja.

Alikuwa mwanamke wa makamo, ambaye hawakuwahi kumwona kabla, anachechemea, ndala ya ngozi ameishika mkononi na furushi la nguo amelitia kwapani.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, karibu.

— Fundi, mkanda umenikatikia. Naomba unishikizie, niko safarini.

— Kaa, dada, unywe kahawa.

Fundi akaichukua ile ndala. Ilikuwa kazi ndogo, akaitoboa, akapitisha uzi, akaukaza, akagonga mara mbili kwa nyundo. Mgeni alikuwa bado anapuliza kikombe chake alipowekewa ndala miguuni.

— Umeshamaliza? akashangaa.

— Imekwisha, akasema Fundi, na papo hapo akatamani asingeimaliza.

Kilo aliiangalia ndala. Akamwangalia Fundi.

— Safari ya wapi, kama si siri? akauliza Ramani.

— Darajani. Halafu mlimani.

Kamusi akaweka kikombe chini.

— Kwa miguu?

— Kwani kuna njia nyingine ya kuhiji?

— Peke yako?

— Leo peke yangu. Kesho sijui nitakutana na nani.

Ramani na Kamusi wakatazamana. Swali lililowala asubuhi nzima lilikuwa limejibiwa na mtu aliyekuwa anafunga ndala.

— Na mzigo wako uko wapi?

— Huu.

Mkono wa Kilo ukanyooka wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukalipokea lile furushi na kulipandisha mara moja hewani.

— Kilo mbili na robo, akasema. Una nini humu?

— Shuka, nguo ya kubadili na chupa ya maji. Wanasema njiani watu wanakupa maji.

— Mzee wetu huyu naye ni wa hukohuko, akasema Ramani kwa fahari. Hujaji huyu.

Uso wa mgeni ukachangamka.

— Ala. Unaondoka lini, baba?

— Viatu vikiwa tayari, akasema Kilo. Viko kwa fundi. Wiki ya tano hii.

Mgeni akaitazama ndala yake, akamtazama Fundi. Fundi akajishughulisha na mkebe wa misumari. Aliufunua, akaufunika, akaufunua tena.

— Lakini mazoezi anafanya, Ramani akaendelea kumnadi. Miezi minne hajakosa. Kilomita mia saba na ishirini, hesabu iko hapa kwenye boksi.

— Anafanya kwa viatu gani?

— Kwa hivi, akasema Kilo, na akanyoosha mguu.

Wote wakaangalia. Yalikuwa mabuti meusi ya ghalani, soli nene kama ubao, ngozi imelainika kwa kuvaliwa, kamba zimefungwa mara mbili.

— Yanakuumiza? akauliza mgeni.

— Hapana.

— Yanaingiza maji?

— Hapana.

— Basi yana nini?

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anavyoulizia njia, kwa kuwa alidhani wenyeji wanajua. Kamusi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lichongwe hakikutoka kitu. Ramani akaligeuza boksi lake upande usioandikwa. Kilo akaurudisha mguu wake chini ya benchi polepole.

Na Fundi, ambaye huwatambua watu kwa miguu kabla ya sura, ambaye angeweza kukuambia nani katika mtaa huu anakanyagia kisigino na nani anaburuta, aliyatazama yale mabuti kana kwamba yameshuka sasa hivi kutoka mbinguni. Yalikuwa yamepita mbele yake mara tatu kila siku. Akili yake yote ilikuwa ndani ya sanduku, hata siku moja hakujiuliza shemeji yake anatembelea nini. Aliona haya. Halafu, nyuma ya ile haya, akaona jambo jingine, kwamba Kilo naye ana macho.

Mgeni alipoona hajibiwi, alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akashukuru, akainuka.

— Mimi natangulia, akasema. Tutaonana njiani, baba, au tusionane.

Wakamtazama mpaka alipopita kiwanda cha magodoro.

— Shemeji, akasema Kilo.

— Naam.

— Vile viliisha lini?

Fundi akaufunika mkebe.

— Siku ya pili.

— Nilidhani hivyo.

— Siku ya pili ya nini? akauliza Ramani, lakini Kamusi alimgusa kiwiko, naye akanyamaza.

— Nilikuwa nakuzuia, akasema Fundi. Nisamehe. Niliogopa utafia huko, na mimi ndiye niliyekuvisha.

— Hukunizuia. Kila asubuhi nikiikaribia kona hii nilikuwa naomba useme kesho. Nikilisikia, hata begi linakuwa jepesi.

— Unaogopa kufa?

— Kufa si sana. Naogopa kufika, akasema Kilo, akiitazama mikono yake. Nilimwahidi Mungu safari, akaniachia mke. Mpaka leo ananidai. Nikaona maadamu ananidai hatamchukua, maana akimchukua atalipwa na nani? Sasa nikienda nikafika, deni limekwisha. Akiugua tena nitaahidi nini? Nina miguu hii miwili tu, na nitakuwa nimeshaitoa.

Katika yote yaliyosemwa asubuhi ile, ya mbwa na ya kamba na ya mtu aliyeko mlimani kwa hesabu, hili ndilo lilikuwa la ajabu kuliko yote, na hakuna aliyelicheka. Ramani aliinamisha kichwa. Fundi alihisi machozi yanamlenga, kwa sababu wiki tano amemwona huyu mtu kama mzee mkaidi anayekimbilia kifo, kumbe wote wawili walikuwa wameushika mlango uleule, kila mmoja kwa upande wake.

Kilo akainuka. Akalichukua begi, akalikung'uta likawa tupu, akatia blanketi, koti la mvua, chupa ya maji na dawa. Akalipandisha kwa mkono.

— Kilo tatu kasorobo, akasema. Inatosha.

Fundi akapiga magoti, akavipekua vile vipande vya raba, akavitoa viatu kwenye gazeti. Vilikuwa vizuri kwelikweli, vinang'aa. Kilo akavishika, kimoja kila mkono.

— Umeviongezea uzito.

— Soli mpya.

— Kazi nzuri, shemeji, akasema, na akamrudishia. Mpelekee dada yako, na umwambie nimekwenda. Mimi nikipita nyumbani kuaga nitakaa. Najijua.

— Sasa hivi? akauliza Kamusi. Hata kahawa hujamaliza.

— Imalize wewe.

Akaondoka. Ramani na Kamusi wakasimama kumsindikiza, kama inavyopasa, kisha wakakumbuka kwamba ni peke yake, wakataka kukaa, kisha wakaona si adabu kukaa mtu anapokwenda safari. Wakabaki hivyohivyo, magoti yamekunjika nusu, mpaka Kilo alipofika kwenye kona ya kiwanda. Safari hii hakukata kulia, ule upande wa mzunguko. Alikwenda moja kwa moja.

Fundi hakufunga hata sanduku lake. Alishika njia ya kwa dada yake, mtaa wa pili, viatu mkononi, na njia nzima alipanga maneno. Ataanza na habari, au ataanza na kuomba radhi? Atasema amemruhusu, au ameshindwa kumzuia? Hakuna sentensi iliyofika mwisho. Alimkuta dada yake uani, anaanika nguo, vibanio amevibana kwenye ukosi wa gauni. Dada akavitazama viatu kwanza, yeye baadaye.

— Amekwenda?

— Amekwenda, dada. Sasa hivi.

— Na lile begi la mawe?

— Amelipunguza.

— Vizuri. Akachukua shati la mumewe kutoka kwenye beseni, akalikamua, akalitundika. Mikono yake ilikuwa imenenepa. Hiyo nayo Fundi alikuwa hajaiangalia siku nyingi.

— Dada, vilikuwa tayari muda mrefu. Mimi ndiye niliyevificha.

— Najua. Na yeye alijua. Kila asubuhi anakaa hapo kizingitini anafunga kamba za mabuti madhubuti kabisa, huku ananiambia anangoja viatu.

— Na wewe hukusema kitu?

— Ningesema nini, mdogo wangu? akasema, na akamwekea beseni tupu juu ya vile viatu. Mimi nimepona miezi minane sasa. Nyinyi wawili ndio nilikuwa bado nawauguza.